Mchezaji Mkongwe Akishuka Timu Ndogo, Tumlipe kwa Lipi?

Mazungumzo ya kamati ya fedha katika mkutano wa mwaka wa wana Mkumbara waishio Dar es Salaam

     

Kamati ya fedha kwa desturi hupewa dakika chache za mwisho, wakati watu wameshaanza kunusa pilau. Mwaka huu tumeombwa tuseme mapema, na tuseme jambo moja tu: fungu la michezo. Sababu mnaijua. Timu yetu ya kata inataka kuingia ligi ya wilaya ikiwa na nguvu. Limeletwa pendekezo kwamba sehemu kubwa ya fungu hilo itumike kuwaleta wachezaji watatu waliowahi kucheza Ligi Kuu, ambao umri sasa umesogea na klabu zao zimewaacha. Waliolileta wana nia njema, na wameshaongea na wachezaji wenyewe. Wapo wanaosema ni kutupa fedha. Kundi letu la WhatsApp limewaka moto wiki tatu, na baadhi yetu wamefika mpaka kutoka kwenye kundi, tukawarudisha kwa kuwabembeleza.

Sisi tunaotunza kitabu cha risiti tumeona tusijibu kwa ushabiki. Tumekaa, tukajiuliza kama tunavyojiuliza kabla ya kununua kitu chochote cha chama: mchezaji mkongwe akishuka timu ndogo, timu inapata nini hasa? Yeye anapata nini? Na akiondoka, kinabaki nini?

Tuanze na lugha yetu ya uhasibu. Tuna neno tunaloliita uchakavu. Ukinunua trekta leo, kila mwaka unapunguza thamani yake kwenye vitabu, mpaka inafika siku linabaki na bei ya chuma chakavu. Miguu ya mchezaji nayo huchakaa. Winga aliyekuwa akimwacha beki hatua tatu, akifika miaka 35 humwacha hatua moja, au wanafika pamoja. Si tusi, ni mwili. Lakini trekta halijifunzi kitu shambani, na mchezaji hujifunza. Kipa mkongwe humsoma mpigaji kabla mpira haujapigwa. Beki mkongwe anajua pa kusimama ili asilazimike kukimbia. Kwa hiyo mchezaji ana akaunti mbili. Akaunti ya miguu inapungua kila msimu, na akaunti ya kichwa inaongezeka kila msimu. Timu ndogo inapomsajili, lazima ijue inanunua akaunti ipi. Ugomvi wetu wa wiki tatu, kwa maoni ya kamati, umetokana na kutolijibu swali hilo.

Kabla hatujaenda mbali, tuondoe neno moja lililotumika kwenye kundi, neno "mitumba". Mtu akicheza Simba au Yanga miaka kumi, kisha akaenda timu ya mkoani, hajawa mtumba. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kazi ile. Kelvin Yondani, beki wa Yanga na Taifa Stars, alikwenda Polisi Tanzania ya Moshi mwaka 2020, halafu Geita Gold. Erasto Nyoni alitoka Simba akaenda Namungo ya Ruangwa mwaka 2023. John Bocco, aliyekuwa nahodha wa Simba, alikwenda JKT Tanzania mwaka 2024. Majirani zetu Wakenya nao wamemwona Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa taifa lao na kuzichezea Southampton na Tottenham kule Uingereza, akijiunga mwaka 2025 na Dunfermline ya daraja la pili la Uskoti. Hawa wote walishika kazi waliyoijua, mahali ambapo bado ilihitajika.

Wala timu ndogo si lazima iwe kaburi. Sisi wa Tanga tulimwona Haruna Moshi, yule Boban, akiwa Coastal Union, baada ya Simba na baada ya Gefle ya Sweden. Baadaye akawa African Lyon, na mwisho wa mwaka 2018 Yanga ikamsajili kutoka huko. Mrisho Ngassa, baada ya Afrika Kusini na Oman, alicheza Mbeya City na Ndanda ya Mtwara, na mwaka 2018 Yanga ikamrudisha.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni wa Juma Kaseja, kwa sababu unaonyesha zile akaunti mbili waziwazi. Kaseja alizaliwa mwaka 1985. Alidaka Simba kwa miaka mingi, akapita Yanga, kisha akaenda Mbeya City, Kagera Sugar na KMC ya Kinondoni, ambayo ilikuwa imepanda Ligi Kuu mwaka 2018. Wengi mtaani walishamwandika kuwa amekwisha. Septemba 2019, akiwa mchezaji wa KMC na ana miaka 34, alisimama langoni mwa Taifa Stars dhidi ya Burundi katika mchujo wa kuwania Kombe la Dunia la 2022. Matokeo yalikuwa 1-1 kule Bujumbura na 1-1 hapa Dar es Salaam. Kwenye penalti Stars ikashinda 3-0. Burundi hawakupata hata moja. Kipa yule hakuwa na wepesi wa miaka 20, ila alikuwa na miaka mingi ya kukaa na wapigaji uso kwa uso. Taifa zima lilikula faida ya akaunti ya kichwa, na KMC ndiyo iliyokuwa imeitunza wakati wengine wameipa kisogo.

Basi, waliopendekeza tulete wakongwe hawakukosea kuona kwamba kuna thamani pale. Tatizo liko kwenye namna walivyotaka thamani hiyo itumike. Pendekezo linasema wachezaji watatu waje siku za mechi, walipwe kwa mechi, waipandishe timu. Hapo sasa tupige hesabu.

Ngazi za mpira wetu mnazijua. Kuna ligi ya wilaya, kuna ligi ya mkoa, kuna ligi ya mabingwa wa mikoa, kuna First League, kuna Championship, ndipo uifikie Ligi Kuu yenye timu 16. Tuseme Mungu ametujalia, hatukwami hata mara moja. Mwaka wa kwanza tunashinda wilaya. Mwaka wa pili tunashinda mkoa na tunapenya kwa mabingwa wa mikoa. Mwaka wa tatu tunavuka First League, mwaka wa nne tunavuka Championship. Mchezaji aliyekuja kwetu ana miaka 36 atakuwa na miaka 40 siku tunaingia Ligi Kuu. Nani atakuwa anacheza siku hiyo? Ni mtoto ambaye leo ana miaka 14 au 15, yuko darasani hapo nyumbani, na jioni anapiga mpira wa makaratasi. Kama yule mkongwe hakumgusa mtoto huyu, tutakuwa tumelipa miaka minne na hatuna mchezaji.

Mtasema, mbona Amissi Tambwe alifanya? Ni kweli. Tambwe wa Burundi, aliyewahi kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu akiwa Simba na tena akiwa Yanga, alishuka Championship na DTB msimu wa 2021/22. DTB ikapanda, ikawa Singida Big Stars, na msimu uliofuata ikashika nafasi ya nne. Lakini Tambwe hakuwa peke yake pale. Alikuwa na timu nzima inayolipwa, yenye kocha na uwanja wa mazoezi. Mshambuliaji mkongwe ni kama paa la bati. Ukilileta kabla ya kuta, linakaa chini kwenye majani na linashika kutu.

Upo mfano mwingine wa zamani, wa Uingereza, ambao wenye kutetea pendekezo waliuweka kwenye kundi, nasi tunaupenda kwa kuwa una takwimu. Mwaka 1961, Stanley Matthews, winga maarufu kuliko wote wa nchi ile, alirudi Stoke City, klabu ya nyumbani kwake, akiwa na miaka 46. Stoke ilikuwa daraja la pili na watu walikuwa wameshaanza kuisusa. Mechi ya nyumbani kabla hajafika ilihudhuriwa na watu 8,409. Mechi yake ya kwanza baada ya kurudi walikuja 35,974. Mwaka 1963 Stoke ikapanda daraja, na Matthews bado alikuwa uwanjani, ana miaka 48. Mtu atasema, mnaona? Jina linalipa!

Jina lililipa, ndiyo. Lakini tuangalie lililipa kupitia wapi. Lililipa mlangoni. Stoke walikuwa na uwanja wenye uzio na milango, kila aliyeingia alikata tiketi. Sasa tujitazame. Uwanja wetu hauna uzio. Una mwembe upande mmoja na njia ya ng'ombe upande wa pili. Siku ya mechi kubwa watu wanajaa, na hakuna anayelipa hata shilingi, kwa sababu hakuna pa kumsimamisha. Tukimleta mtu mwenye jina kesho, watakuja watu wengi kuliko kawaida, watafurahi, watakwenda zao, na kitabu cha mapato kitabaki cheupe. Wanaouza miwa na karanga watapata kidogo, na hilo ni jema. Ila mshahara wa mchezaji utatoka kwenye mifuko yenu ninyi mliokaa hapa, mwezi baada ya mwezi, mpaka mchoke.

Na ukubwa wa jina pekee hautoshi hata kule kwenye uzio na tiketi. Edgar Davids, Mholanzi aliyecheza Ajax na Juventus, alikwenda Barnet mwaka 2012, klabu ndogo ya daraja la nne la Uingereza, akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Msimu ulipoisha mwaka 2013, Barnet ilishuka daraja, na Januari 2014 akaondoka. Hatumlaumu, mpira una mambo mengi. Tunachosema ni kwamba jina halina mkataba na matokeo.

Wazee wetu mliopo hapa, mnakumbuka kusimuliwa habari za waya wa Shume. Enzi za Wajerumani mbao zilikatwa juu kule Shume, zikashushwa kwa waya mpaka stesheni ya Mkumbara, zikapakiwa kwenye treni. Mkumbara ikajulikana kwa sababu ya mbao zile, lakini mbao zenyewe zilikuwa zinapita tu. Kamati inaogopa tusije tukafanya mpira kuwa waya wa Shume. Mchezaji anashuka Jumamosi asubuhi, anacheza, anapewa bahasha, jioni anasimamisha basi barabarani anarudi Dar. Mwaka ukiisha tunahesabu bahasha, na watoto wetu hawajajifunza hata namna ya kupokea mpira kwa mguu wa kushoto.

Tanga yetu imetupa somo upande wa pili pia. Mkoa huu ulitoa bingwa wa nchi, Coastal Union, mwaka 1988. Msimu wa 2015/16 tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports, na Mgambo JKT ya majirani zetu wa Handeni. Zote tatu zikashuka msimu huohuo. Mashabiki wa Tanga tulikaa kama waliofiwa. Coastal ikarudi mwaka 2018, na kwenye benchi lake alikuwepo Juma Mgunda, mtu aliyewahi kuichezea klabu hiyohiyo. Chini yake ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, na Septemba mwaka huo Simba ikamchukua kuinoa. Mgunda hakurudi Coastal kukimbia. Alirudi na kile alichokijua, akakiweka kwenye miguu ya vijana. Miguu yake iliacha kucheza zamani, lakini akaunti ya kichwa iliendelea kuzaa.

Sasa tuseme na upande wa mchezaji, maana haki haina upande mmoja. Sheria zetu za kustaafu zinasema miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Mpira humwachisha mtu kazi akiwa na miaka 35. Mtu huyo ana miaka 25 ya kufanya kazi mbele yake, ana watoto shuleni, na cheti chake kikubwa ni picha ukutani. Wapo waliojenga na kufungua biashara. Wapo ambao kila klabu iliwadai jasho na haikuwamalizia fedha zao za usajili. Timu ndogo zina tabia moja mbaya: zinamwita mtu kama huyu kwa heshima, zinampigia makofi, zinampa ahadi ya mdomo, halafu mwezi wa tatu simu ya mweka hazina haipatikani. Sisi kama kamati hatutaki namba yetu iwe ile isiyopatikana. Kama chama hakina uwezo wa kumlipa mtu miezi kumi na miwili, kisimwite hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo kamati imekuja na pendekezo lake, nanyi ndio wenye kuamua. Aletwe mkongwe mmoja badala ya watatu. Aje kama mwalimu anayecheza, si mchezaji anayepita. Na tunaomba mkubali masharti haya.

Kwanza, mkataba wa maandishi, kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, wenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Usajili wake upite kwa chama cha soka cha wilaya kama taratibu zinavyotaka, na barua ya kuachiwa na klabu yake ya mwisho iwe mkononi mwetu kabla hajavaa jezi.

Pili, akae Mkumbara. Tumtafutie chumba. Wiki nzima awe na kazi: siku tatu jioni na timu ya kata, siku mbili na watoto wa shule ya msingi na sekondari, wavulana na wasichana. Jumamosi acheze kama mwili unamruhusu. Mwili ukikataa, akae kwenye benchi aelekeze, na mshahara wake usipungue kwa hilo, maana tumemwajiri kwa ajili ya kichwa.

Tatu, alipwe tarehe moja kila mwezi, kwa benki au kwa simu, ili pande zote mbili zibaki na ushahidi. Bahasha za mkononi zikome. Awekewe na bima ya afya. Goti la miaka 36 si goti la miaka 20.

Nne, tuwe na vijana wawili wa nyumbani watakaokaa pembeni yake mwaka mzima wakijifunza kufundisha, kisha tuwapeleke kwenye kozi ya awali ya ukocha. Mkataba wake ukiisha, Mkumbara ibaki na walimu wawili ambao hawatapanda basi.

Na fungu lenyewe tunapendekeza ligawanywe hivi. Katika kila shilingi 10 za michezo tutakazokusanya leo, shilingi 6 ziende kwenye uwanja: kusawazisha, uzio, magoli ya chuma, choo, na chumba cha kubadilishia nguo chenye sehemu ya wasichana. Shilingi 3 zimlipe mwalimu mkongwe na wale vijana wawili. Shilingi 1 ibaki akiba, kwa sababu mvua na dharura havina ratiba. Uzio ukisimama, siku ya mechi tutaweka kiingilio kidogo ambacho mkulima wa kwetu anakiweza, na mwaka utakaofuata sehemu ya mshahara wa mwalimu itatoka mlangoni. Hapo sasa tutaanza kufanana na Stoke, kwa kipimo chetu.

Tunajua wapo watakaosikitika. Ndugu zetu mliotafuta wale wachezaji watatu mmefanya kazi, mmetumia nauli zenu na vocha zenu. Hatusemi muwafungie mlango. Wale wawili watakaobaki waalikwe siku ya kufungua uwanja, wacheze mechi ya kirafiki na timu yetu, walipwe nauli na posho ya haki iliyoandikwa kabla hawajaondoka kwao. Mtoto wa Mkumbara anayemwona kwenye televisheni ya kibanda cha video mtu fulani, akamshika mkono siku moja, hilo nalo lina thamani. Ila tulipe kwa jina lake halisi: ni sherehe. Tusiiandike kwenye kitabu kama ujenzi.

Ndugu zetu, tungeweza kuishia hapo. Lakini tulipokuwa tunalijadili jambo hili kwenye kamati, mmoja wetu aliuliza swali lililotunyamazisha. Alisema, mbona tunamsema mchezaji tu, sisi wenyewe tukoje?

Tazameni ukumbi huu. Tuko hapa waalimu, wauguzi, madereva, mafundi umeme, wafanyabiashara wa Kariakoo, wahasibu, watu wa benki. Wengi wetu tumevuka miaka 40. Tuliondoka Mkumbara na miguu yetu mizuri, tukaipeleka Dar. Mji umecheza na sisi misimu yote mizuri. Nyumbani wanatuona kwenye misiba, tunashuka usiku, tunazika, tunatoa rambirambi, alfajiri tunapanda gari. Na sisi pia ni waya wa Shume. Waswahili wamesema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Ni kweli na ni haki yake, zizi ni lake. Lakini nani kati yetu amepanga kurudi kabla guu halijavunjika, wakati bado ana maziwa?

Hatuwaambii muache kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Kamati inaomba siku 3 katika hizo 28. Muuguzi aje apime watu shinikizo la damu. Fundi umeme aje akague nyaya za zahanati na awaonyeshe vijana wawili kazi. Mwalimu wa hesabu aje akae na darasa la mtihani. Sisi wahasibu tumeshajiandikisha: tutakuja kufundisha kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa namna ya kutunza daftari, ili mwisho wa mwaka wakigawana pasiwe na machozi. Kuna karatasi ya majina kwenye meza ya mlangoni, yenye safu ya jina, kazi na tarehe. Tunaomba tarehe iandikwe. Jina bila tarehe ni ahadi ya mdomo, na tumeshasema maneno kuhusu ahadi za mdomo.

Tukiweza kufanya hivyo sisi wenyewe, tutakuwa na uso wa kumwambia mchezaji aliyestaafishwa na Ligi Kuu: karibu Mkumbara, kazi ipo, mshahara utafika, na watoto wanakusubiri uwanjani saa kumi jioni.

Mheshimiwa mwenyekiti, kamati inaomba kutoa hoja: mkongwe mmoja kwa mkataba, uwanja kwanza, na siku 3 za kila mmoja wetu. Hoja ikiungwa mkono, tuanze kuchanga sasa hivi kabla pilau haijafika, maana tunafahamiana. Anayetoa taslimu, anayetoa kwa simu, anayetoa mfuko wa saruji, anayeahidi kwa tarehe, wote wanakaribishwa. Kitabu cha risiti kiko hapa mbele. Kila atakayetoa, hata kama ni shilingi elfu moja, asiondoke bila risiti yake, na mwakani mje nazo mtuulize zimefanya nini.